Waliocheka Msanzi

Kijiwe cha Milanzi kimeegemea ukuta wa mashine ya kusaga, upande ambao upepo haufiki sana lakini pumba zinafika, kwa hiyo ukikaa pale nusu saa unaondoka na mvi hata kama ulikuja kijana. Benchi ni moja, refu, na kila mtu ana sehemu yake kama kanisani. Karibu na mlango anakaa Romani, ambaye kesi yake ya shamba imepanda na kushuka mahakamani mpaka watu wakamwita Rufaa. Katikati ni Nestory fundi simu, jina la kijiweni Mitambo. Anayemfuata ni Flavian, aliyeacha seminari kwa sababu ambazo hubadilika kila akisimulia. Huyo ndiye Padri Mdogo. Na upande wa birika anakaa Masalu mwenye bucha, Msukuma pekee wa benchi lile, ambaye wamembatiza Zizi. Asubuhi hiyo ya mwezi wa saba baridi ilikuwa ya kung'ata masikio, Hellena muuza kahawa alikuwa amejitanda kitenge juu ya sweta, na Masalu, ambaye siku zote hufika wa kwanza na kuongea wa kwanza, alifika wa mwisho akakaa kimya.

— Zizi, mwangaluka! alisema Mitambo, akimwamkia kwa Kisukuma.

— Mwangaluka na wewe.

— Umesikia kitu kipya?

— Kitu gani?

Mitambo alitoa simu, akaiweka juu ya goti, akabonyeza. Sauti ikatoka, sauti ya mzee, nzito, ya puani, Kiswahili chenye Kifipa ndani yake:

— Mwenye ng'ombe arudi alikotoka! Ardhi ya Ufipa ina wenyewe! Asipotoka kabla ya mvua, zizi lichomwe, na yeye mwenyewe humo humo!

Ikakatika hapo.

— Imeingia makundi yote ya Wasapu, alisema Mitambo. Juzi mtia nia mmoja wa ubunge kaiweka kwenye spika mnadani. Watu wakapiga makofi, kaka. Makofi! Wanasema huyu ndiye kiongozi wa vuguvugu jipya. Vuguvugu la Ardhi Yetu.

Masalu alipeleka kikombe mdomoni akaunguza ulimi, kwa sababu sauti ile ilikuwa yake.

Yake kabisa, ila aliiazima. Mwezi uliopita alikwenda Msanzi kumzika Mzee Vitus, mtu aliyekuwa akimuuzia ng'ombe kwa miaka mingi na mtani wake wa damu. Mzee Vitus alipokuwa hai, kila Masalu akitokea njiani alimpigia kelele kutoka mlangoni: mwenye ng'ombe, rudi ulikotoka, tutakuchomea zizi! Kisha anamvutia kiti, anamwita mkewe alete ugali wa ulezi, na ole wake Masalu aondoke hajala. Basi siku ya maziko Masalu alifanya kazi ya mtani. Alivaa koti la marehemu, akashika fimbo ya marehemu, akapanda juu ya udongo uliochimbwa, akasema maneno ya marehemu kwa sauti ya marehemu. Alijifukuza mwenyewe, akajichomea zizi mwenyewe, na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mjane alicheka huku machozi yakimtiririka. Mzee akashushwa kaburini watu wakiwa wepesi moyoni, na ndivyo inavyotakiwa.

Sasa mtu alikuwa amekikata kicheko na kuyaacha makali peke yake. Na jambo lililomnyima Masalu usingizi ni kwamba benchi lote lile lilikuwepo Msanzi. Walikwenda pamoja kwa gari la kukodi, wakarudi pamoja wakiimba. Kwa hiyo ama wamesahau, ama wanajua na wanajifanya hawajui, na Masalu hakuweza kuamua lipi ni baya zaidi.

— Sheria ipo, alisema Rufaa, akipuliza kahawa. Uchochezi. Huyu akikamatwa ni ndani moja kwa moja, na nchi itatulia.

— Na nani atakayesema huu ni uchochezi na huu siyo? alidakia Padri Mdogo. Leo unamfunga huyu. Kesho mimi nikisema barabara ya Mtowisa ni aibu, naambiwa nachochea.

— Barabara na kumchoma mtu na ng'ombe wake vinafanana?

— Havifanani kwako na kwangu. Lakini anayeshika rula ni mmoja. Ukishampa, anapima anachotaka yeye.

— Kwa hiyo maneno yaachwe tu yatembee?

— Yaachwe, tuyajibu. Mtu mwenye maneno mabaya nikimsikia, najua yuko wapi. Mkimziba mdomo, nitamjuaje?

— Utamjua akija na kiberiti, Padri.

— Kiberiti kina sheria yake! Mfungeni kwa kiberiti!

— Wakati huo zizi limeshakuwa majivu. Ng'ombe wa mtu unawarudisha kwa hukumu? Mimi nimeshakaa mahakamani, mzee. Hakuna kinachorudi.

Hapo wote wakamwangalia Masalu, halafu wakaangalia pengine haraka. Masalu aliona ile haraka. Iliingia kifuani ikakaa.

— Zizi, wewe ndiye mwenye ng'ombe hapa, alisema Rufaa. Unasemaje?

Kama angeulizwa kabla ya sauti ile kutoka, wasingemaliza kumsikiliza. Masalu ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Alikuwa akisema anayetukana kabila la mwenzake jukwaani afungwe na jukwaa livunjwe, kwa sababu yeye anajua: maneno huanza mnadani yakiwa mzaha, yanashuka bondeni yakiwa moto. Na asubuhi hiyo hiyo ndugu yake Amos alikuwa amempigia kutoka Mtowisa, huko bondeni. Watoto hawaendi shule, alisema. Ng'ombe tumewakusanya, vijana wanalala na mikuki zizini, na wapo wanaosema kwa nini tusubiri kuchomwa, tuanze sisi. Masalu alimwambia tulieni. Hakumwambia zaidi ya hapo.

— Mimi leo nasikiliza, alisema.

— Zizi kusikiliza! Hellena, umemtilia nini kwenye kahawa?

— Tangawizi tu, alisema Hellena, bila kucheka.

Mitambo alikohoa, akasogea mbele kidogo, dalili kwamba sasa anakuja na yake.

— Ninyi mnapoteza muda na sheria. Hiyo sauti siyo ya mtu.

— Ya nani, ya mbuzi?

— Ya mashine. Siku hizi unaipa kompyuta maneno, unaiambia sema kama mzee wa Kifipa, inasema. Hakuna mzee hapo. Hakuna mtu yeyote hapo. Mtu yeyote kabisa, ndugu zangu.

Alilirudia lile neno, mtu yeyote, na Masalu akaona amelirudia akimwangalia yeye. Au hakumwangalia? Jua lilikuwa usoni mwa Mitambo, na macho yake yalikuwa madogo.

— Na kompyuta ilijifunzia wapi lafudhi ya huku? aliuliza Padri Mdogo. Ilikuja kunywa togwa?

— Wanachukua kwenye simu zetu. Unaongea na shangazi yako, wao wanaweka akiba.

— Haya, tukubali, alisema Padri Mdogo. Nani aliiagiza? Jiulizeni. Wafipa na wenye ng'ombe wakigombana, nani anabaki na bonde? Mimi nawaambia kuna matajiri wanataka lile bonde lote liwe shamba moja la mpunga, kuanzia milimani mpaka ziwani. Wamekaa mahali na ramani. Sisi tukishachomana, wanakuja na trekta.

— Umewaona?

— Wasionekane ndiyo kazi yao.

— Mmekosea wote wawili, alisema Rufaa, na akateremsha sauti mpaka wakalazimika kusogea. Huo ni mtego. Wameitoa wenyewe, wakubwa, ili waone nani anaisambaza, nani anaijibu, nani ananyamaza. Kila anayeibonyeza anahesabiwa. Mitambo, wewe umeshahesabiwa.

Mitambo aliiangalia simu yake kama imemng'ata.

— Na anayesikiliza tu?

— Kisheria, anayesikiliza hana kosa. Lakini anayecheka ana ushiriki. Kucheka ni kukubali. Mimi ningekuwa hakimu, msemaji namfunga, na waliocheka nao nawapitisha mlango huo huo.

— Hilo nakuunga mkono, alisema Mitambo haraka.

— Hata mimi, alisema Padri Mdogo, ambaye dakika chache nyuma alitaka maneno yaachwe huru. Kucheka ni jambo zito.

Masalu aliwatazama mmoja mmoja. Rufaa alikuwa ndiye aliyecheka kuliko wote pale Msanzi. Alikaa chini kwenye majani, kofia ikamwanguka, akaomba maji.

Wakati huo mwanamume mmoja mwenye jaketi jipya alisimama mbele ya birika, akawaamkia, akaagiza kahawa na kashata. Kufumba na kufumbua benchi zima lilikuwa linazungumzia maharage. Bei ya maharage, wadudu wa maharage, maharage ya zamani yalivyokuwa yakiiva haraka. Yule mtu alikunywa, akashukuru, akasema mama kahawa yako ni nzuri, akaenda zake kwenye mashine kuchukua unga wake.

— Mmeona viatu vyake? alinong'ona Rufaa.

— Safi mno kwa mtu wa kusaga, alisema Mitambo.

— Huyo ni mwalimu wa shule ya msingi, alisema Hellena. Anakunywa hapa kila Jumamosi. Hamjawahi kumwona kwa sababu mnaongea.

Hakuna aliyemwamini. Padri Mdogo alihamia upande wa pili wa benchi ili amwone yule mtu akiondoka, na Mitambo akaanza kufuta vitu kwenye simu, kidole kikienda mbio.

— Mimi sina shida, alisema, kama anayejibu swali ambalo hakuulizwa. Hata ukiisikiliza unajua imechezewa. Imekatwa. Kule mwanzo kuna vigelegele na yule mama anasema mpeni fimbo yake...

Akaishia hapo.

Mashine ya kusaga iliendelea kunguruma ukutani, na Masalu alihisi ule mngurumo mgongoni. Kumbe ni Mitambo aliyerekodi. Alikuwa akimkumbuka kwa mbali mtu aliyenyanyua simu juu ya vichwa vya watu pale kaburini, na sasa aliikumbuka na mikono yenyewe, mikono yenye madoa ya gundi ya fundi.

— Mwanzo upi? aliuliza Masalu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuliza kitu asubuhi hiyo.

— Nabahatisha tu, mshikaji. Nasema labda.

— Mitambo. Ulimtumia nani?

— Sijamtumia mtu! Kundi la ukoo tu. Watu wacheke. Mimi nitajuaje kama shemeji ataipeleka mbele, na huko mbele mtu aikate?

— Kwa hiyo unajua sauti ni ya nani.

Mitambo aliigeuza simu kifudifudi. Rufaa alitazama juu ya paa. Padri Mdogo alijifanya anahesabu punje za sukari kwenye kashata. Ndipo Masalu alipoelewa kwamba wote walijua tangu simu ilipobonyezwa, na kwamba ile mashine, wale matajiri na ramani yao, ule mtego wa wakubwa, vyote vilikuwa vinasukumwa mbali na jina lake, kila mmoja akisukuma zaidi ya mwenzake. Hakujua awashukuru au awachukie. Walikuwa wanamficha yeye, au walikuwa wanajificha wao? Aliwajua miaka yote hiyo, na hakuweza kusema.

— Kuna jambo hamjalisikia, alisema Hellena. Nilidhani mnalijua mkawa mnaogopa kulisema. Jana jioni kuna kijana amechukuliwa na askari Msanzi. Watu wa kule waliisikia ile sauti wakasema hii ni ya Mzee Vitus kabisa. Askari wakaambiwa Vitus amekufa, hawezi kuchochea. Basi wakamchukua mwanawe, kwamba sauti ni za ukoo mmoja.

— Jastin? aliuliza Masalu.

— Huyo huyo.

Jastin alikuwa kijana mpole ambaye siku ya maziko hakuwa na nguvu hata ya kuongea. Ndiye aliyemvisha Masalu koti la baba yake na kumfunga vifungo, kimoja kimoja, kwa sababu mikono ya Masalu ilikuwa na baridi. Masalu aliweka kikombe chini. Uso ulimwaka kwa aibu, na hasira ikamjia pamoja na aibu ile, hasira ya kukosa wa kumkasirikia.

Hakupata muda wa kusema. Kutoka upande wa stendi alikuwa anakuja mama mmoja mwenye kilemba cheusi, mfuko wa rambo mkononi, viatu vimejaa vumbi la safari. Walimtambua kabla hajafika. Alikuwa Luciana, mjane wa Mzee Vitus.

— Shikamoo mama, walisema wote kwa pamoja, wakisimama.

— Marahaba, wanangu. Kaeni.

Hakuna aliyekaa. Luciana alipita mbele yao mpaka alipokuwa Masalu, akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu.

— Wewe mwenye ng'ombe, alisema. Bado hujarudi ulikotoka?

Alilisema kwa sauti kubwa, pale pale barabarani, maneno yale yale. Mitambo aligeuka kuangalia kama kuna mtu amesikia. Masalu alitaka kujibu kama mtani anavyojibu, ana majibu mia ya swali hilo, na akachagua lililo karibu.

— Nitarudi nikishiba ugali wako, shemeji, alisema, na macho yakamjaa machozi.

— Nimetoka kituo cha polisi, alisema Luciana. Nimempelekea mwanangu uji. Wamemwuliza ni nani aliyesema, hajataja. Anasema yeye hawezi kumpeleka kwa askari mtani aliyemzika baba yake. Nimemwambia wewe ni mjinga kama baba yako. Akacheka kidogo.

— Ningekuja leo hii, shemeji. Sikujua kama wamemchukua. Naapa.

— Najua hukujua.

— Basi twende. Nikawaambie ni mimi.

— Ngoja. Nilishawaambia mimi, mama yake, kwamba ulikuwa utani wa msibani. Mkubwa wao akasema, mama, wewe ni mzazi, utasema lolote. Na aliyesema akija atasema ulikuwa utani, kila mchochezi husema hivyo. Leteni watu wengine waliokuwepo, wasio wa ukoo, waseme walichosikia na walichofanya. Ukienda peke yako, Masalu, atamtoa mmoja amweke mwingine, au awaweke wote wawili.

— Kuna rekodi nzima, alisema Masalu, na akamgeukia Mitambo. Yenye vigelegele. Yenye kicheko.

Mitambo alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili.

— Nimeifuta, alisema. Sasa hivi. Mlisema tunahesabiwa.

Masalu alitoa simu yake, akapiga Mtowisa, akaiweka kwenye spika huku wote wakimtazama. Amos alipopokea, Masalu alimwambia kwa Kisukuma, halafu akarudia kwa Kiswahili ili benchi nalo lisikie:

— Ile sauti ni mimi. Ndiyo, mimi, ndugu yako. Nilikuwa namzika mtani wangu. Rudisha watoto shule, waambie vijana waweke mikuki chini, hakuna vuguvugu. Ni mimi nilikuwa nachekesha.

Alisubiri. Upande wa pili akasikia ng'ombe, akasikia mtu anauliza amesema nini.

— Na waliopiga makofi mnadani? aliuliza Amos. Nao walikuwa wanazika?

Amos hakucheka, na simu ikakatika. Masalu aliishusha polepole. Lile swali lilimchoma kuliko jela, kwa sababu lilikuwa la haki: maneno yake yalikwishapata wenyewe, watu walioyapenda bila koti wala kaburi, na hao hakuna wa kuwaita kituoni.

— Hilo la mnadani tutalijua baadaye, alisema Luciana. Mimi leo nina la mwanangu. Haya, wanangu. Nani anakuja na sisi?

Rufaa alisema yeye ana kesi inayoendelea, mtu mwenye kesi akionekana kwenye kesi nyingine anaharibu zote mbili. Padri Mdogo alisema yeye anaamini katika uhuru wa kusema, kwa moyo wote, lakini uhuru huo unataka kutetewa kwa utulivu, siyo kwa kukurupuka, na labda aandike kitu. Mitambo alisema ana wateja. Kisha wakasema vingine, wakasema tena, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi ya kueleza.

Luciana aliwasikiliza mpaka wakaisha maneno. Hakuwakaripia. Aliwaangalia kama mama anavyoangalia watoto waliovunja kitu na bado wameshika vipande.

— Lakini siku ile mlicheka, alisema. Au hamkucheka?

Rufaa alitazama kofia yake. Padri Mdogo alimtazama Mitambo, na Mitambo alitazama pumba zilizomdondokea gotini, akaanza kuzipangusa. Mtu aliyepita na gunia la mahindi aliwaamkia, hawakuitika.

Luciana aliubadilisha mfuko mkono, akamwambia Masalu twende, mtani, jua linapanda. Wakaondoka wote wawili kuelekea kituoni, mwanamke mbele na Masalu nyuma yake, amevua kofia licha ya baridi. Benchi liliwafuata kwa macho mpaka walipokunja kona, kisha watu wakakaa, kila mmoja mahali pake, na pale karibu na birika pakabaki wazi.

— Hata hivyo, alisema Rufaa baada ya muda, Zizi alizidisha. Utani una kiasi chake.

Akanyoosha kikombe.

— Hellena, niongezee.

— Kahawa imekwisha, alisema Hellena, na akalinyanyua birika, akalihamisha kwenda mkono wa pili, kwa sababu mkono wa kwanza ulikuwa umechoka na uzito wa kahawa iliyomo.